Simiti Niliyoipeleka Ronge

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nasema hivyo bila kujisifu, ingawa mke wangu anadai sijawahi kusema neno bila kujisifu. Nimeona ndovu amesimama mbele ya duka langu la hadiwea asubuhi na mapema, kama mteja anayesubiri nifungue. Nimeona mto uliolala mkavu miezi saba ukiamka mchana mmoja na kubeba choo cha jirani kizima kizima, mlango ukiwa bado umefungwa kwa kufuli. Nimeona ploti moja ikiuzwa kwa watu watatu, na wote watatu wakaja kwangu siku moja kununua mawe ya msingi. Niliwauzia wote. Mtu akishaishi Voi miaka thelathini na kitu, macho yake yanazoea.

Shule niliiacha darasa la nne. Sikuwa mjinga, ni kwamba kule Marungu mvua ilikataa miaka miwili mfululizo, mbuzi wa baba wakaisha, na karo ikawa hadithi. Nikashuka Voi na sepetu ya kuazima. Mgeni akisimama kwenye daraja letu huuliza mto uko wapi. Mto upo, uko chini yake unamtazama. Ni mto wa mchanga. Maji yake hupita chini kwa chini, na mara chache kwa mwaka hupita juu, tena kwa fujo, yakiwa rangi ya chai ya maziwa. Siku nyingine zote ni mchanga mtupu, mweupe, safi, na huo mchanga ndio ulionilea. Nilipakia malori ya watu kwa sepetu mpaka viganja vikawa kama soli ya kiatu. Baadaye nikanunua lori langu, kuukuu, lisilo na rivasi. Nilikuwa napanga safari ili nisihitaji kurudi nyuma. Leo nina malori matatu, yote yanarudi nyuma vizuri, na hadiwea, na nyumba za kupangisha. Nusu ya kuta unazoziona mjini hapa, mchanga wake nimeushika kwa mikono hii.

Kwa hiyo mto huu naujua. Naujua kutoka daraja la barabara kuu mpaka unapoingia mbugani kwenda kunywesha ndovu. Najua ni kona gani ina mchanga wa plasta na ni ipi ina mchanga wa zege. Upande wa juu ndio sikuwa na habari nao. Kwangu mimi mto ulianzia pale lori linapoweza kushuka.

Mji wenyewe ulizaliwa na reli. Mzee mmoja aliyestaafu stesheni alikuwa akiniambia waliojenga reli walikuja wakihesabu maili na kutafuta maji, na hapa wakapata vyote viwili, maili mia hivi na maji ya mto, vikikutana, ndio wakaweka stesheni. Basi milima ikaanza kuteremka. Watu wa Dawida, yaani Wataita wa milimani, walishuka kufuata mshahara wa reli na wa mashamba ya mkonge, wakabaki huku chini kwenye joto, na huko juu wakaacha mashamba, makaburi na akina nyanya. Ukimuuliza mtu yeyote wa Voi anatoka wapi, atakuonyesha milimani kwa kidevu. Hata mimi wa Marungu, mama yangu ni wa Ronge Juu. Aliolewa akashuka kwenye vumbi la baba, akakaa huko miaka yote hiyo bila kulalamika, kitu ambacho mpaka leo sijui aliwezaje.

Sasa anaishi kwangu. Nilimjengea chumba chenye vigae, feni ya juu na bafu la ndani. Siku moja mke wangu alichemsha nduma, yaani magimbi, za sokoni. Mama akachukua kipande, akatafuna, akakirudisha sahanini taratibu.

"Mama, si tamu?"

"Ni nduma," alisema. "Lakini hii imekulia shida."

Kisha akasema kitu ambacho hakuwahi kuniambia. Alitaka kula nduma aliyoipanda yeye mwenyewe, Ronge, kwenye kile kijisehemu alichoachiwa na baba yake, chini ya mfereji. Mara moja tu. "Magoti haya hayajaisha kabisa," alisema. "Lakini hayangoji."

Mama yangu hakuwahi kuniomba kitu. Hata sepetu ile ya kwanza, ni yeye aliyeniombea kwa jirani. Nikamwambia, "Mama, hiyo ni kazi ya siku moja." Hivyo ndivyo ninavyosema kuhusu kila kazi.

Nikampandisha kwenye pikapu Jumapili baada ya kanisa. Unatoka Voi shati limekushika mgongoni, unapita Mwatate, unaanza kupanda, na katikati ya kona mama akaniambia nifunge dirisha, anasikia baridi. Kulikuwa na migomba mpaka ukingoni mwa barabara, miwa, na maji. Maji, jamani, mwezi wa nane! Yanatembea yenyewe kando ya njia, hayana bomba wala mita.

Mfereji ule ulichimbwa na watu ambao hata mama hakuwakuta. Unachota maji kwenye kijito, unayatembeza ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo kiasi kwamba jicho halioni, na kila nyumba iliyo chini yake ina zamu: hii ina Jumatatu asubuhi, ile Jumatatu jioni, mpaka wiki inaisha. Mwenyekiti wa mfereji ni binamu ya mama yangu, kwa hiyo kwangu ni mama mdogo. Ni mwanamke mwembamba mwenye viatu vya gambuti vya kijani na daftari la kurasa mia mbili analolibeba kwenye mfuko wa unga. Alimkumbatia mama kwa muda mrefu, wakicheka na kulia kwa Kidawida, halafu akanigeukia.

"Na hili tumbo ni la nani?"

"Ni mimi, mama mdogo."

"Mwana wa dada! Voi kuna chakula!"

Nilipomweleza shida yetu alifungua daftari. Zamu ya babu yangu ilikuwa Jumanne, kutoka alfajiri mpaka adhuhuri. Lakini zamu, alisema, si ardhi. Ardhi unarithi hata ukiwa umelala. Zamu inaishi kwa kufanyiwa kazi. Kila mwaka kuna Jumamosi moja ya kusafisha mfereji, na nyumba isiyotoa mtu miaka mitatu inapoteza zamu yake. Nyumba yetu haikuwa imetoa mtu tangu mjomba wangu afe.

"Inarudi vipi?"

"Jumamosi ijayo tunasafisha. Mtu wa damu ya nyumba hiyo aje na jembe. Achimbe na wenzake mpaka mwisho. Namwandika. Imekwisha."

"Nilete watu kumi. Nilipe mimi."

"Damu yako wewe, jembe lako wewe," alisema, akafunga daftari. Kesho yake akapanda basi kwenda Mombasa kumwona mjukuu aliyezaliwa, akaahidi kurudi Ijumaa.

Hapo ndipo nilipopata wazo. Nisikilize vizuri, maana mpaka leo naliona lilikuwa wazo zuri, isipokuwa tu lilikuwa baya. Nilikagua ule mfereji kwa jicho la mtu wa mjengo. Ni wa udongo! Unavuja kila mahali. Kila hatua mbili kuna unyevu ukingoni, kuna majani, kuna vyura. Nikajiambia, hawa watu wamekuwa wakikwangua matope haya kila mwaka tangu enzi za mababu kwa sababu tu hawajapata mwenye hadiwea. Jembe langu lingekwangua hatua ngapi? Ishirini? Mimi nitawapa kitu ambacho hakuna mtu atakikwangua tena maishani.

Jumanne lori langu lilikuwa Ronge na mifuko sitini na nne ya simiti, na mafundi watatu. Kipande kilicho juu ya shamba la mama na majirani zake, hatua mia mbili, tulikikausha, tukakisawazisha na kukipiga simiti mpaka kikang'aa. Makamu wa mama mdogo, mzee mpole wa kofia ya sufu, alikuja akasimama.

"Ni kizuri," alisema. "Sijui kama tungengoja mwenyekiti."

"Mzee, simiti haingoji. Hii wajukuu wa wajukuu zako wataikuta. Haivunjiki hii."

Ijumaa tukafungulia maji. Yalipita kama gari kwenye lami! Vijana wakapiga picha na simu. Mimi nilisimama mikono kiunoni. Mama peke yake ndiye aliyeinama akatega sikio.

"Zamani mfereji huu ulikuwa ukisema," alisema. "Sasa umenyamaza."

Nikamwambia hiyo ndiyo dalili ya kazi safi.

Jumamosi watu walikuja na majembe, arobaini hivi. Walipofika kwenye kipande changu hawakuwa na la kufanya, wakapita wakicheka na kunishukuru, kazi ikaisha saa nne badala ya saa nane. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya kanisani. Mama mdogo alitembea juu ya ukingo wa simiti kutoka mwanzo mpaka mwisho, akarudi, akaketi na daftari. Aliandika nyumba zote. Yetu hakuiandika.

"Mama mdogo, umetusahau."

"Sikuona jembe."

"Umeona simiti!"

"Daftari langu halina mahali pa simiti." Alinitazama bila hasira yoyote. "Sikukatai, mwana wa dada. Dada yangu apande nduma zake. Waliopewa Jumanne yenu watamgawia maji kidogo. Na wewe, tungoje tuone."

Mama alipanda siku ile ile. Alikalia kigoda na kupanda akijisogeza, shina baada ya shina, kwenye udongo mweusi uliokuwa bado umelowa, akaniambia nimwache, nisimsaidie. Alibaki kwa mama mdogo akasema hashuki mpaka aone zimeshika. Nikarudi Voi. Nikasimulia habari ya mfereji wangu kwa kinyozi, kwenye hoteli, kanisani kidogo.

Wiki ya tatu simu ikalia.

"Tajiri," alisema mama mdogo. "Panda."

"Kuna nini?"

"Panda tu. Njoo uone kazi yako isivyovunjika."

Nilichokikuta sikukitegemea. Chini ya ile simiti, hatua mia mbili nzima, nduma zilikuwa zimekunja majani kama miavuli. Si za mama tu. Za kila mtu. Miwa ilianza kukauka ncha. Kijisima cha bondeni ambapo kina mama huchota maji ya kunywa, kilichokuwa hakijawahi kukauka, kilikuwa na tope na chura mmoja mwenye uso wa lawama. Na juu ya yote hayo maji yangu yalikuwa yanapita safi, mengi, kwa kasi, yakienda zake.

Wanawake wapatao kumi na watano walikuwa wamekaa ukingoni wakinisubiri. Mama alikuwa katikati yao, na nduma moja iliyonyauka mapajani.

"Haya, fundi mkuu," mmoja alianza, mama mnene wa leso nyekundu. "Tueleze. Maji ni mengi kuliko jana, na sisi tuna kiu kuliko jana. Hiyo hesabu walikufundisha darasa la ngapi?"

"La nne," nikasema, na wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Mfereji ulikuwa unavuja," nikajitetea. "Nimewazibia!"

"Basi ndiyo makosa yenyewe hayo umeyataja," alisema mama mdogo. "Nani alikuambia tulikuwa tunataka uzibwe?"

Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtu ambaye si mbaya. Zamu inanywesha shamba siku moja. Siku sita zilizobaki, shamba linanyweshwa na uvujaji. Waliochimba mfereji walijua ni wapi pa kuacha udongo mwepesi na wapi pa kushindilia udongo wa mfinyanzi, ndiyo maana nduma zimepandwa hapa na si pale. Kusafisha kila mwaka si kuondoa tope tu; ni kwenda wote pamoja kuangalia panapovuja vizuri na pasipovuja. Ndiyo maana anataka damu na jembe, hataki vibarua. Anataka kila nyumba ijue mfereji kwa mkono.

Mimi niliyekuwa naujua mto! Nikamtazama mama. Nilidhani angenikemea, na ingekuwa nafuu. Aliivuta ile nduma karibu tu.

"Zikikosa maji wiki hii, basi," alisema. "Mwaka ujao sijui kama magoti yatanipandisha."

Hukumu ilitolewa pale pale. Beberu mmoja kwa ajili ya mkutano. Simiti ivunjwe, na nivunje mimi, bila fundi wala kibarua. Kisha nichukue jembe nirudishe udongo kama ulivyokuwa, wao wakinielekeza. Nikimaliza, daftari litafunguliwa.

"Kwa muda gani?" nikauliza.

"Muulize mama yako nduma zake zimebakiza siku ngapi," alisema mama mdogo.

Nilianza saa ile ile. Makamu aliniazima nyundo ndogo ya kupasulia mawe. Kesho yake nikaletewa nyundo kubwa kutoka dukani kwangu, na jembe. Naomba nikuambie jambo moja kuhusu simiti yangu: ni simiti kweli. Siwezi kuuza kitu kibovu. Nilipiga, nyundo ikaruka, nikapiga, cheche zikatoka. Wanawake walihamishia kazi zao zote pale ukingoni ili wasipitwe. Walimenya maharagwe, walisuka, walinyonyesha watoto wakinitazama.

"Piga, tajiri! Si ulisema haivunjiki?"

"Hii wajukuu wa wajukuu wataikuta!"

"Wataikuta na yeye bado anapiga!"

Kufikia siku ya pili viganja vilikuwa vimepasuka pale pale vilipopasuka nikiwa kijana wa sepetu. Sijui nieleze vipi, lakini nilianza kufurahi. Nilikuwa sijafanya kazi ya mwili miaka kumi na mitano. Yule wa leso nyekundu aliniletea muwa akanimenyea mwenyewe. Mwingine akaniletea uji. Nikaanza kuwajibu matani yao, na nikagundua ulimi wangu wa Kidawida, niliodhani umekufa, ulikuwa umelala tu.

Siku hiyo ya pili mchana nilipasua mahali palipo juu tu ya shamba la mama. Kipande kilitoka kizima kama kifuniko. Maji yalizunguka kidogo pale, yakasitasita, kisha yakazama. Basi. Nikadhani nimeharibu tena.

"Subiri," alisema mama kutoka kwenye kigoda chake huko chini.

Nikasubiri. Halafu mama akaweka kiganja chini katikati ya nduma zake, akakiinua, akanionyesha. Kilikuwa kimelowa.

Mimi si mtu wa kushangazwa, nimeshasema. Lakini nilikaa chini kwenye tope na suruali yangu nzuri, nikacheka kama mtoto, na mama akacheka, na wote wakaanza kupiga vigelegele kana kwamba nimeoa.

Siku ya tatu na ya nne nilishika jembe. Mama mdogo alitembea mbele yangu akigusa ukingo kwa fimbo: hapa shindilia, hapa acha, hapa weka majani. Udongo wa mlima nilioufukua chini ya simiti ulikuwa unaoshwa na maji na kuteremka. Nilichota kidogo nikausugua kati ya vidole. Nikaujua. Ningeujua nikiwa nimefumba macho: punje zile zile, ung'aavu ule ule.

"Mama mdogo, huu ni mchanga wangu. Huu ndio unaofika Voi chini ya daraja."

"Kwani ulidhani unatoka wapi? Mbinguni?" Akasimama, akanitazama juu chini. "Kumbe miaka yote hii umekuwa ukituuza kwa lori!"

Neno hilo lilizunguka mfereji mzima kabla ya saa sita. Mpaka leo nikipanda Ronge watu huniuliza bei ya mlima imefika ngapi.

Jioni ya siku ya nne beberu aliliwa. Kabla ya kula, mama mdogo alisema tufanye kama wakubwa walivyofanya, kwa kuwa mchungaji alikuwa safarini. Akachota maji ya mfereji kwa kikombe, akayatia mdomoni, akayapuliza kama umande kuelekea kwangu na kuelekea mlimani, akasema kilichokuwa ndani yake dhidi yangu kimetoka, kisirudi. Wengine wakafuata, mmoja mmoja. Yule wa leso nyekundu alinilowesha mpaka shingoni, makusudi kabisa, akasema yeye alikuwa na mengi. Kisha daftari likafunguliwa. Jumanne, kutoka alfajiri mpaka adhuhuri. Mama mdogo aliandika jina la mama, na chini yake langu, akaniazima kalamu nitie sahihi. Nimewahi kutia sahihi hati za ploti nne na mkopo mmoja mkubwa wa benki. Hakuna hata moja niliyoitia polepole kama hii.

Ile nyundo kubwa niliiacha kwa makamu. Jembe ninalo, liko nyuma ya pikapu, na mwaka huu nimesafisha mfereji kutoka mwanzo mpaka mwisho nikiwa na gambuti.

Nduma za mama zilikomaa mwezi wa tano, mvua kubwa zikiwa zinaelekea kuisha. Alizichimba mwenyewe akiwa kwenye kigoda, akazichemsha kwa mama mdogo kwenye sufuria nyeusi ya kuni, bila chumvi. Akanikatia kipande akakiweka mkononi mwangu. Ndani ilikuwa na rangi ya zambarau, inatoa mvuke. Nilikula nimefumba macho, kwa sababu ya joto la ile nduma, si kwa sababu nyingine.

"Sasa hii," alisema mama, "haijakulia shida."

"Mimi ndiye niliyekulia shida," nikasema.

"Tuambie basi, mfanyabiashara," alisema mama mdogo. "Sufuria hii imekugharimu ngapi?"

Walidhani nitaona haya. Hawanijui. Nilijumlisha simiti, mafundi, beberu, nyundo na jembe, nikasimama ili wote wanisikie, maana katika Taita Taveta nzima, kutoka Rukanga mpaka mpakani mwa Tanzania, hakuna mtu aliyewahi kumlisha mama yake nduma ghali kuliko hizi: shilingi elfu themanini, mia tatu na sabini.